Kilomita 12 za mwisho: kisa cha Kelvin Kiptum, Chicago 2023

Alipokanyaga alama ya kilomita 30 mjini Chicago, Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum hakuwa anavunja rekodi ya dunia. Saa ilisoma 1:26:31. Gawa muda huo kwa 30 unapata 2:53 kwa kila kilomita, na anayeendelea na mwendo huo hadi mwisho anakata utepe kwa saa 2:01:41. Rekodi ya Eliud Kipchoge, aliyoiweka Berlin Septemba 2022, ilikuwa 2:01:09. Kwa hesabu za karatasi, kijana huyu wa miaka 23 alikuwa amechelewa zaidi ya nusu dakika, na zilikuwa zimebaki kilomita 12 na mita 195, sehemu ambayo miguu ya wengi huanza kukataa amri.

Dakika 34 na sekunde 4 baadaye alikuwa amemaliza. 2:00:35. Binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa 2:01 katika marathoni inayotambuliwa rasmi.

Nimeichagua mbio hii kwa sababu wakimbiaji wengi, wa kulipwa na wa ridhaa, wanautafuta muda wao bora kwa kufanya kinyume chake. Wanaamini muda bora unatengenezwa mapema, miguu ikiwa bado safi, kisha unalindwa. Kiptum alikuwa nyuma ya rekodi kwa sehemu kubwa ya njia, na akaivunja mwishoni. Tunachoweza kujiuliza ni kama hiyo ilikuwa mbinu, au ilikuwa tu mwili ambao hakuna mwingine anao. Naona ni vyote viwili, ila si kwa kiasi sawa.

Alivyofika Chicago

Kiptum alizaliwa Desemba 1999 huko Chepkorio, Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, kwenye nyanda za juu ambako hewa ni nyembamba na barabara ya vumbi iliyo tambarare ni bahati. Tofauti na wakimbiaji wengi wa Kenya wa kizazi kilichotangulia, hakuanza na mbio za uwanjani kisha akahamia barabarani umri ukisogea. Aliingia barabarani moja kwa moja. Alikimbia nusu marathoni kwa miaka kadhaa, na muda wake bora wa 58:42, wa Valencia mwaka 2020, ulikuwa mzuri sana bila kuwa wa kutisha. Wapo kadhaa waliokuwa na kasi zaidi yake katika umbali huo.

Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Valencia tarehe 4 Desemba 2022. Watanzania wengi wanaikumbuka kwa sababu nyingine: Gabriel Geay alishika nafasi ya pili kwa 2:03:00 na kuweka rekodi ya taifa. Mbele yake alimaliza kijana ambaye wengi walikuwa hawamjui, kwa 2:01:53, muda wa haraka kuliko wote waliowahi kukimbia marathoni kwa mara ya kwanza. Nusu ya pili ya siku ile aliikimbia haraka kuliko ya kwanza kwa zaidi ya dakika moja.

Aprili 2023 akaenda London. Nusu ya kwanza 1:01:40, nusu ya pili 59:45, jumla 2:01:25. Rekodi ya njia ya London, yaani muda bora kuwahi kukimbiwa katika mbio hizo, iliyokuwa ya Kipchoge kwa 2:02:37, ikapigwa kwa zaidi ya dakika moja. Kwa hiyo alipofika Chicago alikuwa na marathoni mbili tu mwilini, zote mbili zenye umbo lilelile: subira hadi kilomita 30, kisha moto. Wapinzani walikuwa na muda wa kutosha kulisoma umbo hilo. Kulisoma hakukuwasaidia.

Baada ya mbio alisema kwamba rekodi ya dunia haikuwa akilini mwake siku ile, alikuwa amekuja kutafuta rekodi ya njia. Nalipokea hilo kwa tahadhari. Rekodi ya njia ya Chicago ilikuwa ya Dennis Kimetto, 2:03:45 ya mwaka 2013, na anayeutaka muda huo hana haja ya kupita nusu kabla ya 1:01:50. Kiptum alipita kwa 1:00:48. Nadhani alikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani ila hakutaka kulitangaza kabla halijatokea.

Njia na asubuhi yenyewe

Chicago ni tambarare. Mbio zinaanza na kumalizikia Grant Park, zinakwenda kaskazini, zinarudi mjini, magharibi, kisha kusini, na mpando pekee wa kutajwa ni ule mfupi wa barabara ya Roosevelt karibu kabisa na mwisho. Oktoba asubuhi huwa na ubaridi, na siku ile ulikuwepo. Steve Jones alivunja rekodi ya dunia hapo mwaka 1984, Khalid Khannouchi mwaka 1999, na kwa wanawake Catherine Ndereba mwaka 2001, Paula Radcliffe mwaka 2002 na Brigid Kosgei mwaka 2019. Kwa wanaume, hata hivyo, tangu Paul Tergat alipokimbia 2:04:55 mwaka 2003, kila rekodi ya dunia ilikuwa imewekwa Berlin. Kuna miaka Chicago iliwaondoa kabisa wadhibiti kasi, wale wanaowekwa mbele kuwashikia wenzao mwendo, ili watu washindane badala ya kukimbiza saa, kisha ikawarudisha mwaka 2018.

Kilomita 5 za kwanza zilikwenda kwa 14:26, kumi kwa 28:42. Kundi lilisambaratika mapema, na aliyebaki na Kiptum alikuwa Mkenya mwenzake, Daniel Mateiko, aliyekuwa akikimbia marathoni yake ya kwanza. Mateiko tumrudie baadaye, kwa sababu ndani ya kisa hiki ana kisa chake.

Mbio mbili bega kwa bega

Njia bora ya kuielewa Chicago 2023 ni kuiweka kando ya Berlin 2022, rekodi iliyovunjwa kando ya rekodi iliyovunja.

Kipchoge alipita nusu ya Berlin kwa 59:51. Kiptum, nilivyokwisha kusema, 1:00:48. Tofauti ya sekunde 57. Kwenye kilomita 30 Kipchoge alikuwa 1:25:40 na Kiptum 1:26:31. Kama wangekuwa wanakimbia pamoja, Kiptum angekuwa karibu mita 300 nyuma, akimwona mkubwa wake kama kichwa kidogo mbele ya barabara.

Kisha ikaja sehemu kati ya kilomita 30 na 35, ambayo kwa wanaoijua Chicago ni kutoka eneo la Pilsen kuelekea Chinatown. Kiptum aliikimbia kwa dakika 13 na sekunde 51. Hiyo ni 2:46 kwa kilomita, mwendo ambao ukiudumisha kwa kilomita kumi unakupa 27:42. Kipchoge kipande hichohicho Berlin alikitumia 14:30. Ndani ya kilomita tano, sekunde 39 zilirudi. Kwenye alama ya 35 Kiptum alikuwa bado nyuma ya Kipchoge, lakini kwa sekunde 12 tu: 1:40:22 dhidi ya 1:40:10.

Kilomita tano zilizofuata, 14:01 dhidi ya 14:43. Kwenye alama ya 40 hesabu ilikuwa imegeuka, 1:54:23 dhidi ya 1:54:53, na sasa Kiptum ndiye aliyekuwa mbele kwa nusu dakika. Mita 2,195 za mwisho walitofautiana kwa sekunde nne. Kiptum akamaliza huku akiwapungia watu mkono na kuwarushia mabusu, jambo ambalo makocha wengi huwakataza wanariadha wao. Benson Kipruto, wa pili siku ile ya Chicago, alifika dakika tatu na sekunde 27 baadaye.

Watu huzitazama hesabu hizi wakasema Kipchoge alikosea. Si haki kusema hivyo. Alikuwa na miaka 37, na siku ile ya Berlin aliupunguza muda wake mwenyewe kwa sekunde 30. Ila kuna jambo alilolieleza mwenyewe baada ya mbio, nalo ni kiini cha uchambuzi huu: mpango ulikuwa apite nusu kwa kati ya 1:00:40 na 1:00:50, lakini miguu ilikuwa inakwenda haraka, akaamua kuifuata aone kama saa mbili kamili zinawezekana. Nusu ya kwanza ya Kiptum, 1:00:48, ni ule mpango wa Kipchoge ambao Kipchoge hakuufuata.

Na haikuwa kwamba Kipchoge hakujua thamani ya subira. Rekodi yake ya mwaka 2018, 2:01:39, aliikimbia 1:01:06 kisha 1:00:33. Kimetto mwaka 2014 alifanya vivyo hivyo, 1:01:45 kisha 1:01:12. Kukimbia nusu ya pili haraka kuliko ya kwanza si uvumbuzi wa Chepkorio. Kipya, ukilinganisha na rekodi hizo mbili, kilikuwa ukubwa wa tofauti, sekunde 61, na mahali ilipotoka, kwa sababu karibu yote ilitoka baada ya kilomita 30 na si baada ya 21. Kati ya nusu na kilomita 30 Kiptum hakuongeza chochote. Kipande cha 25 hadi 30 kilikwenda 14:27, sekunde moja polepole kuliko kilomita tano za kwanza kabisa za mbio.

Kilichompata Mateiko

Muda bora wa Mateiko wa nusu marathoni ulikuwa 58:26, wa Valencia mwaka 2021. Yaani kwa kilomita 21 alikuwa na kasi kumshinda Kiptum kwa sekunde 16. Alikimbia hatua kwa hatua na Kiptum hadi kilomita 30, mwendo uleule, upepo uleule. Kiptum alipochomoka, Mateiko hakuweza kufuata, na mwishowe hakumaliza mbio.

Ukichukua vikokotoo vya intaneti vinavyotabiri muda wa marathoni kutokana na nusu marathoni, Mateiko ndiye angeshinda. Vikokotoo hivyo huchukulia kwamba umefanya mazoezi ya marathoni yanayolingana na kasi yako, na hapo ndipo vinapowadanganya watu wengi. Mwendo wa 2:53 ulikuwa mmoja kwa wote wawili kwenye saa, lakini mmoja alikuwa anausafiria na mwenzake alikuwa anaulipia.

Sababu ya kimwili inajulikana. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, na akiba hiyo ni ndogo. Kwa mwendo mkali inatosha kukufikisha maeneo ya kilomita 30 na kitu kama huongezi chochote njiani. Mafuta ya mwili yapo tele hata kwa mtu mwembamba, lakini hayatoi nishati kwa kasi ya kutosha. Kadiri unavyokimbia karibu na ukomo wako, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati inavyotoka kwenye wanga, na ongezeko hilo haliendi kwa mstari ulionyooka. Sekunde tatu za ziada kwa kila kilomita zinaweza kuonekana bure kwenye kilomita ya nane. Ni mkopo wa kausha damu: unachukua dakika moja asubuhi, jioni unadaiwa nne.

Mazoezi, na onyo la kocha

Hapa ndipo swali la mwili linapoingia. Kwa nini Kiptum aliusafiria mwendo ambao mwenzake aliulipia?

Kocha wake alikuwa Gervais Hakizimana, mwanariadha wa zamani wa Rwanda aliyekuwa akifanya mazoezi katika milima hiyo Kiptum akiwa bado mtoto wa kuchunga mifugo. Mtoto alikuwa akiwafuata wakubwa pekupeku. Miaka ikapita, wakaanza kufanya kazi pamoja, na kipindi cha Korona, mashindano yalipofungwa duniani, Hakizimana alikaa Kenya kwa muda mrefu wakajenga msingi bila haraka ya kwenda kukimbia popote. Mimi nauona mwaka ule kuwa na uzito kuliko tunavyoupa. Wanariadha wengi wa umri wake wangekuwa barabarani Ulaya kila mwezi wakitafuta hela.

Ratiba aliyoieleza Hakizimana kwa waandishi wa habari mwaka 2023 inashtua hata kwa viwango vya Iten, mji wa Kenya wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi. Kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, na nyakati nyingine zaidi ya 300. Wakimbiaji wengi wa kiwango cha juu huzunguka 180 hadi 220. Jumanne na Jumamosi kazi ya kasi. Alhamisi na Jumapili kilomita 30 hadi 40, tena kwa mwendo unaokaribia wa mashindano. Siku ya mapumziko haikuwekwa kwenye ratiba. Walipumzika mwili ulipoonyesha dalili ya kuchoka, usipoonyesha waliendelea.

Zile Alhamisi na Jumapili ndizo zinazoeleza Chicago. Mtu anayekimbia kilomita 35 ngumu mara mbili kwa wiki anaijua kilomita ya 32 ilivyo, na mwili wake umejifunza kuchoma mafuta zaidi na wanga kidogo kwa mwendo mkali. Misuli yake pia imezoea kugongwa na lami. Nusu marathoni haikufundishi hayo hata ukiikimbia kwa 58:26.

Lakini Hakizimana mwenyewe hakuwa akiitangaza ratiba hiyo kama dawa. Alisema wazi kwamba ana hofu kijana atavunjika, kwamba alimshauri apunguze naye hakutaka, na kwamba kwa mtindo ule huenda angekuwa amemalizika ndani ya miaka mitano. Kocha kusema hivyo hadharani kuhusu mwanariadha wake aliye kileleni si jambo la kila siku. Kila ninapoona mtu mtandaoni ameipachika ratiba ya Kiptum na kuandika "fuata hii", natamani angeipachika na sehemu hiyo.

Viatu navyo vina sehemu yao. Alivaa toleo la majaribio la kiatu cha Nike ambacho baadaye kiliingia sokoni kwa jina la Alphafly 3, chenye povu jepesi na bamba la kaboni, ndani ya kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinazoruhusu soli isiyozidi milimita 40. Povu hilo huokoa nishati, na wakimbiaji wengi husema linawaachia miguu mizima zaidi kwenye kilomita za mwisho. Ila Mateiko na Kipruto hawakuwa pekupeku.

Sisi wa saa nne

Msomaji anayelenga saa nne anaweza kusema haya hayamhusu. Mbinu inamhusu kuliko inavyomhusu Kipruto, kwa sababu yeye ana nafasi kubwa zaidi ya kupoteza.

Tofauti kati ya nusu mbili za Kiptum ni kama asilimia 1.7. Ihamishie kwa mkimbiaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka saa nne, unapata nusu ya kwanza 2:01:00 na nusu ya pili 1:59:00. Yaani 5:44 kwa kilomita, kisha 5:38. Ni tofauti ndogo mno, karibu haionekani, na ndiyo maana inahitaji nidhamu. Mtu huyo asubuhi ya mbio, amelala vizuri, amekula wanga siku tatu, muziki unapigwa, wenzake wa klabu wanapiga picha, anajikuta anakwenda 5:19 bila kuhema. Anafika nusu kwa 1:52 na kujipongeza kwamba ana akiba ya dakika nane. Kwenye kilomita ya 33 anatembea. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sidhani walikuwa wanafikiria marathoni, ila inaingia.

Jambo ambalo halihamishiki ni ule mshale wa kilomita 30 hadi 35. Kiptum aliongeza kasi kwa asilimia nne pale ambapo mkimbiaji wa kawaida anaomba tu asipunguze. Kwako wewe, kushikilia 5:40 kuanzia kilomita 30 hadi mwisho ndiyo 13:51 yako, na utawapita watu wengi kiasi cha kuona haya.

Kuna na suala la mahali. Valencia, London na Chicago ni njia za miji tambarare au inayokaribia kuwa tambarare, zinazokimbiwa majira ya baridi au ubaridi, na saa zote tatu za Kiptum zilitoka huko. Anayekimbia marathoni kamili ya Moshi, Kilimanjaro Marathon, anakutana na mpando mrefu wa kuelekea Mweka katika nusu ya pili, kwa hiyo mgawanyo wa kilomita kwa kilomita hauna maana. Pale unagawanya juhudi, unalinda pumzi na mapigo ya moyo, saa unaiacha ilie. Pwani, joto na unyevunyevu vinakula dakika hata ukianza alfajiri. Ukitaka kujua muda wako bora wa kweli, tafuta njia tambarare na asubuhi ya ubaridi walau mara moja, halafu usiulinganishe muda huo na ule wa Mweka.

Na ukibahatika kwenda Chicago, usiiamini saa ya mkononi kilomita za mwanzo. Maghorofa ya katikati ya mji huvuruga mawimbi ya setilaiti, na saa inaweza kukuambia unakwenda 5:10 kumbe ni 5:50, au kinyume chake. Angalia alama za barabarani. Pia njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaowezekana, na anayekata kona kwa nje huku akikwepa watu anaweza kumaliza amekimbia mita mia tatu au nne za ziada. Kwa mtu wa 5:40, hizo ni karibu dakika mbili, zinatosha kuitofautisha 3:59 na 4:01.

Hesabu iliyobaki wazi

World Athletics iliithibitisha rekodi tarehe 6 Februari 2024. Usiku wa tarehe 11, siku tano baadaye, Kiptum na Hakizimana walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24. Alikuwa ameshatangaza kwamba Aprili angekwenda Rotterdam kujaribu kushuka chini ya saa mbili katika mbio rasmi. Kipchoge alikuwa amekimbia 1:59:40 Vienna Oktoba 2019, lakini kwa wadhibiti kasi 41 waliopokezana na gari lililochora mstari wa mwanga barabarani, kwa hiyo haikuhesabiwa.

Wengi wanasema angefanikiwa, na hoja yao ina nguvu: nusu ya pili ya Chicago ilikuwa 59:47, ukiizidisha mara mbili unapata 1:59:34. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo, kwa sababu ile 59:47 ilinunuliwa na 1:00:48 iliyoitangulia.

Ihesabu hivi. Kushuka chini ya saa mbili, tuseme 1:59:59, kunataka wastani wa 2:50.6 kwa kilomita, na kwa mwendo huo kilomita 30 unazipita kwa 1:25:18. Hapo ni sekunde 22 mbele ya Kipchoge wa Berlin na sekunde 73 mbele ya Kiptum wa Chicago. Kutoka hapo zinabaki dakika 34 na sekunde 41, na Chicago alizikimbia kilomita zilezile kwa 34:04. Kwa maneno mengine, angelazimika kuokoa sekunde 73 kabla ya kilomita 30, na angeruhusiwa kupoteza 37 tu baada yake. Kipchoge, aliyejaribu karibu hivyo, alizitumia 35:29. Kiptum alikuwa na mazoezi tofauti na miaka 14 pungufu, na pale Chicago alifika mwisho akiwa na nguvu za kurusha mabusu, kwa hiyo kulikuwa na kitu kilichobaki ambacho hatukukiona. Lakini kuanza haraka kungemtoa kwenye umbo pekee la mbio alilowahi kulikimbia, tena mbele ya dunia nzima inayohesabu sekunde. Dau langu ni kwamba Rotterdam ingempa kati ya 2:00:00 na 2:00:30, na kama kuna siku angezipata zile saa mbili, ingekuwa Chicago au Berlin, katika jaribio la pili au la tatu, akiwa amepita kilomita 30 kwa 1:25:40 hivi huku watu wakianza kusema leo haiwezekani.